Unga wa Tabita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji, Daktari Lwitiko na wenzako wa utafiti, ndugu wageni waalikwa, nanyi majirani zangu mliolia sindano kuliko watoto wenu: amani iwe kwenu. Mimi Sadoki, mwenyekiti wa mtaa huu, nimeagizwa niwaage watafiti wanaorudi Vwawa leo. Nitawaaga, lakini kwanza nina la kwangu moyoni.

Mnaikumbuka ile homa ya viungo ya masika? Hapa Tunduma malori hayalali, basi kila ugonjwa tunasema umevuka mpaka. Safari hii tukatafuta na mtu wa kumbebesha lawama: Tabita, jirani yetu anayefuata vitenge Zambia. Nani alimtaja kwanza mkutanoni? Mimi! Jirani yetu Mzee Emanueli alipofariki siku zile, kila mama alipeleka unga msibani. Wa Tabita ulirudishwa. Kwetu, anayerudishiwa unga msibani amefukuzwa mtaani hata kama hajahama.

Akaja Daktari Lwitiko, akapima damu zetu nyumba kwa nyumba, akitafuta alama ambayo mwili huitunza baada ya kuingiwa na virusi vya homa hiyo, vinavyoenezwa na mbu. Alama changa ni ya juzi. Iliyokomaa ni ya miaka ya nyuma. Kumbe wazee wengi tunayo iliyokomaa! Yangu imekomaa. Homa ile ilishanipitia kabla Tabita hajahamia hapa kutoka Ibaba, nami nikaiita malaria.

Na Tabita je? Yupo pale, ameniruhusu niseme: hana alama yoyote, si changa wala komavu. Na mbu wenyewe, ambao nao tulisema wanatoka ng'ambo, Daktari aliwakuta wakizaliana kwenye maji ya matairi mabovu nyuma ya gereji yangu. Jamani, niliona aibu! Matairi nimeshayaondoa.

Daktari, wewe na wenzako mmetufanyia kazi kubwa, na tunawashukuru kwa dhati.

Tabita, dada yangu, nilikukosea mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu. Ndugu zangu, ugali wa leo ni wa unga wake. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Akaniuliza, "Mwenyekiti, na huu hautarudishwa?"

Hautarudishwa, Tabita. Nitakula wa kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nileteeni maji ya kunawa.