Subiri Sekunde Arobaini

Nyuma ya chumba cha uendeshaji palikuwa na benchi ambalo halikununuliwa na mtu. Lilikuwa bonge la zege la kukingia mionzi, lililosalia siku ile pete ya mtambo wa kukimbiza chembe za atomu ilipofukiwa chini ya ardhi ya Illinois. Likaachwa kati ya ukuta na shamba la mahindi, na watu wa zamu wakaligeuza kijiwe. Hapo, kila saa tisa alasiri zamu zilipopishana, birika la kahawa nyeusi lilitolewa nje, na hukumu zikatolewa bila hakimu. Alasiri hii ya Oktoba, Ardith Kowalke aliketi na karatasi magotini na kalamu mkononi, na moyo wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeitwa kuapa. Kijiweni walimwita Shahidi, kwa kuwa katika miaka ishirini na miwili ya kuendesha mtambo hakuwahi kutia sahihi jambo asilolijua. Karatasi hii ilimtaka afanye hivyo kabla ya saa kumi.

Ilikuwa nakala ya skripti ya kuamsha mtambo: mistari sitini na minne iliyoandikwa katika lugha ya zamani ya amri za kompyuta, lugha isiyojua tafadhali wala asante. Washa pampu. Soma joto. Weka mkondo. Subiri. Mtu alibonyeza kitufe kimoja, na vifaa mia tatu vikatii kila kimoja kwa zamu yake, hata mwale wa chembe ukaanza kukimbia ndani ya pete kana kwamba umeambiwa na uwe, nao ukawa. Sasa ofisi ilikuwa ikihamishia skripti zote katika lugha mpya. Ile isiyo na mdhamini ingefutwa jioni hiyo hiyo, na mtambo ungeamshwa kwa mikono, kazi ya muda wa saa tisa nzima za kubonyeza na kukosea. Mdhamini naye alitakiwa kuandika jina lake chini ya maneno haya: Ninaelewa kazi ya kila mstari.

Ardith alielewa mistari sitini na mitatu.

— Tia sahihi, dada, kahawa inapoa, alisema Rosco Pettibone, fundi umeme. Walimwita Volti kwa sababu umeme ulishampiga mara mbili, na mara zote mbili alizinduka akiulizia chakula cha mchana.

— Mstari wa kumi na saba, Volti. Niambie kazi yake, nitie sahihi sasa hivi.

— Si umeandikwa? Subiri sekunde arobaini.

— Unasubiri nini?

— Unasubiri sekunde arobaini ziishe!

Delmar Oosterhof alicheka hata kahawa ikamwagikia kwenye suruali. Huyu alikuwa msimamizi wa zamu, shemasi siku ya Jumapili, na jina lake la kijiweni lilikuwa Nabii, maana alitabiri kuanguka kwa mwale dakika tano baada ya mwale kuzimika.

— Sikiliza, Shahidi, alisema akijipangusa. Sumaku zinapoa hapo. Jambo dogo sana.

— Sumaku zinawashwa mstari wa ishirini. Zitapoaje kabla hazijapata moto?

— Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

— Ndiyo nini hapo?

— Ndiyo hivyo.

— Mwache, dada, Volti alidakia. Mimi nakupa ukweli. Ni treni ya mizigo. Ile inayopita nyuma ya maghala ya nafaka. Inatikisa ardhi, pete inacheza. Mzee Brandvold alipoiandika skripti aliweka sekunde arobaini ipite.

— Treni inapita asubuhi tu. Mtambo tunauamsha saa yoyote.

— Basi anasubiri ya kesho!

— Katika sekunde arobaini?

— Haba na haba hujaza kibaba, mama.

Ardith alitikisa kichwa, lakini midomo yake ilimsaliti ikatabasamu. Aliwapenda watu hawa. Aliipenda hata skripti yenyewe, jinsi mtu anavyompenda ng'ombe mzee ambaye hajawahi kumnyima maziwa. Sauti moja ndani yake ilinong'ona: sahihi moja tu, nani atajua? Lakini alikuwa amelelewa kuamini kwamba ndiyo ya mtu ni ndiyo mbele za Mungu, hata ikiandikwa chini ya fomu ya ofisi. Shetani hamwendei mtu na joka lenye vichwa saba. Humwendea na fomu, na kalamu, na saa ya ukutani.

— Nyie hamjui kitu, Delmar alisema, akishusha sauti kama aliye madhabahuni. Ni bata bukini.

— Mungu wangu, Volti alisema.

— Bata bukini wa bwawa la kupozea maji. Wanakaa kwenye mdomo wa bomba. Pampu ikiwaka wanasikia mtetemo, wanaruka. Brandvold alikuwa na huruma. Akawapa muda wa kuondoka na vifaranga vyao.

— Januari je, bwawa likiganda?

— Januari anawapa muda wa kutorudi.

— Nabii, umelewa kahawa.

— Na kama si bata, basi ni jambo la juu zaidi. Arobaini ile haikuokotwa njiani. Gharika siku arobaini. Jangwani miaka arobaini. Mlimani siku arobaini bila mkate. Brandvold alikuwa Mlutheri wa kweli. Aliusimamisha mtambo utubu kwanza.

— Utubu dhambi gani, Delmar? Ni pampu!

— Pampu ya pili unaijua wewe? Ile ina dhambi.

Walicheka wote watatu. Kisha Delmar akaacha kucheka ghafla, akakitazama kikombe chake.

— Niliwahi kuupunguza muda ule, alisema. Sijawaambia. Niliweka thelathini. Nilisema, tutaokoa sekunde kumi, nani atalia? Jumatatu shwari. Jumatano shwari. Alhamisi mwale ukaanguka mara tatu. Nilirudisha arobaini siku ile ile.

— Alhamisi ile kulikuwa na radi, Ardith alimwambia kwa upole. Hata taa za kantini zilizimika.

— Radi ilitumwa na nani?

Ardith aliitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano, na karatasi ilikuwa bado nyeupe pale penye nafasi ya jina.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mtu mwenye mvi na kikombe kitupu. Alikuwa Refugio Anzaldo, fundi mabomba kutoka mji wa Aurora, aliyeanza kazi Jumatatu hiyo.

— Samahanini. Nimeambiwa kahawa iko huku.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Volti alisema, akammiminia masalio ya mwisho ya kahawa. Birika likakoroma, likanyamaza, naye akaongeza: Kaa. Wewe utaamua kesi. Mstari huu unasubiri nini?

Refugio alivaa miwani, akainama juu ya karatasi.

— Lugha hii siijui, alisema. Najua mabomba.

— Hata sisi hatuijui, tunaitii tu, Delmar alisema.

— Na haya maneno madogo ya pembeni? Haya yameandikwa kwa ajili ya watu.

— Hayo ni ya Mzee Brandvold, aliyeiandika skripti, Ardith alimweleza. Yanasema tusiguse.

Refugio aliisogeza karatasi karibu na macho.

— Yanasema, "Usiguse. Niulize mimi." Alivua miwani, akawatazama kwa nia njema kabisa, akauliza: Sasa, mlipomuuliza, alisemaje?

Upepo ulipita katika mabua makavu ya mahindi. Volti alichungulia ndani ya birika alilokuwa amelimaliza mwenyewe.

— Kwani yu hai? Refugio aliuliza.

— Alistaafu, Delmar alisema. Miaka kumi na tisa sasa.

— Ndiyo, lakini yu hai?

— Mimi nilitia sahihi kadi, Volti alisema polepole. Ilizungushwa hapa, tukatia sahihi wote. Ilikuwa na maua.

— Kadi ya kumuaga kazini au ya msiba? Delmar alimuuliza.

— Sikuisoma. Nilikuwa na haraka. Wewe si ndiye uliyesema amehamia kwa binti yake, Dakota?

— Nilisikia kwako!

Ardith aliyasoma tena yale maneno ya pembeni. Uso wake ulikuwa ukiwaka. Kwa miaka kumi na tisa walilitaja jina la mtu yule kila juma. Waliapa kwa mstari wake, wakautetea mbele ya wakubwa. Alikuwa ameacha maneno mawili, moja la onyo na moja la mwaliko. Lile la onyo walilishika kwa hofu kama walivyoshika watu wa kale sheria ya mbao za mawe. Lile jepesi, lililowataka tu waende wakabishe hodi, walilipita kila siku bila kulisoma. Naye Ardith hakuwa na pa kujificha, kwa maana ndiye aliyesimamiwa na Brandvold nyuma ya kiti chake majira yote ya baridi ya mwaka wake wa kwanza, akifundishwa kila amri. Ndiye aliyeletewa chapati laini za viazi, za Kinorwe, zilizopikwa na mke wa mzee huyo na kufungwa katika kitambaa zikiwa bado na joto. Mzee alipostaafu, Ardith alimwambia, nitakuja kukuona. Hiyo nayo ilikuwa ndiyo mbele za Mungu.

Alibonyeza kalamu. Volti na Delmar walimtazama akiinamia karatasi, na Volti akashusha pumzi akidhani mambo yamekwisha. Lakini pale penye nafasi ya jina Ardith aliandika kwa herufi kubwa: SIJUI. NIMEKWENDA KUMUULIZA. Akampa Volti karatasi.

— Peleka ofisini kabla ya saa kumi.

— Wataifuta skripti, dada.

— Wakiifuta, tutauamsha mtambo kwa mikono. Mikono tunayo. Anwani yake itakuwa kwa karani wa kanisa lao kule Lisbon, kijiji cha jirani, na kanisa halifungwi saa kumi.

Delmar alisimama akifunga zipu ya koti.

— Naja nawe, alisema. Alipiga hatua mbili, akasita, akauliza: Shahidi. Na tukikuta amekufa?

— Basi tutamuuliza mjane wake anahitaji nini, Ardith alisema, akatangulia kuelekea kwenye gari.