Kahambu na Siri Iliyoombewa kwa Sauti

Mchungaji, papa na maman mliokuja kulia pamoja nasi hapa Saint-Gilles, naitwa Régine, na familia imenituma nisome maisha ya dada yangu mkubwa.

Marehemu Kahambu alizaliwa Butembo, Kongo, tarehe 14 Mei 1971, akasoma huko huko, akapata diploma ya ushonaji mwaka 1990, akashona sare za wanafunzi mpaka vita vilipomkimbiza, akafika Brussels tarehe 3 Oktoba 2001, na tangu 2003 alisafisha ofisi karibu na mtaa wa Schuman.

Alifunga ndoa na papa Polycarpe tarehe 8 Agosti 1998, Mungu akawajalia mabinti wawili, Jémima na Graciella.

Kuhusu ugonjwa, karatasi niliyopewa inasema aliugua siku tatu, na hapo mnisamehe, kwa sababu aliugua miaka minne. Tangu 2009 damu yake ya mwezi ilitoka kwa wingi, hata akawa anabeba kitambaa cheusi cha kutandika popote alipoketi, mpaka Februari 2011 daktari alipomwekea kitanzi chenye homoni cha kupunguza damu, ambacho pia huzuia mimba, na baada ya miezi mitano akaniambia, "Mudogo wangu, sasa naikala ku kiti ya bantu bila kuogopa."

Zaidi yangu, habari ya kitanzi hicho alimwambia mtu mmoja tu, maman Lucienne, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, akamsihi amshukuru Mungu kimya kimya. Lakini kwetu ombi hutajwa kwa sauti pamoja na jina la mwenyewe, na Ijumaa moja maman Lucienne alisimama mbele yetu sote, papa Polycarpe akiwemo, akaomba dada Kahambu afunguliwe kutoka kwenye chuma kinachofunga tumbo, nasi tukaitikia amina. Mimi pia niliitikia, na inaniuma. Mumewe alipojua hivyo kwamba amezuia mimba, nyumbani hapakukalika tena, Novemba 2011 akaenda kukitoa, damu ikarudi, akaificha hata kwangu, maana hakumwamini tena mtu yeyote, akafariki hospitalini huko Jette tarehe 9 Machi 2013, damu ikiwa imemwishia mwilini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa ghorofa ya pili waliowapikia watoto, na wafanyakazi wenzake waliomshikia zamu bila kumuuliza sababu. Nimeambiwa nikishukuru pia kikundi cha maombi, lakini nimeshindwa.

Dada yangu Kahambu, lala sasa kwa amani, nimemwomba mchungaji leo tukuombee kimya.