Pijo ya Kijani Nje ya Geti

Benchi yetu iko kando ya duka la speya la Nderitu hapa Eldoret, pale Mama Nduta huuza kahawa na mimi hushona viatu nikisikiliza. Nderitu tunamwita Speya. Kipyego, dereva wa lori la mahindi, tunamwita Breki kwa sababu akianza kuongea hana. Wa tatu ni Kituyi, fundi wa magari, mtu mpole ambaye hatujawahi kumpa jina. Jumatatu baada ya shoo ya kilimo ya mwaka wa themanini na sita, Kituyi aliegesha gari yake mbele yetu, akachukua tambara lenye petroli, akaanza kufuta maandishi kwa mlango bila kusalimia mtu.

Gari ni Pijo 404. Aliipata kwa shamba moja huko Moi's Bridge, kuku wakitagia kwa kiti cha nyuma. Alikaa nayo miaka mitatu, akiitengeneza kila Jumapili baada ya kanisa, mpaka ikang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Kisha akasikia kwamba kampuni hudhamini magari ya maonyesho. Akaenda na barua ya maombi kwa kampuni moja ya rangi. Meneja akaizunguka gari mara mbili, akaisifu, akasema wataiweka kwa stendi yao siku ya shoo. Kituyi akafurahi hata akaandika jina la kampuni kwa milango yote miwili ya mbele, kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya shoo alifika saa kumi na mbili asubuhi. Kwa stendi alikuta Benzi nyeupe ya shemeji ya meneja imesimama juu ya zulia. Askari wa geti akamwambia apeleke yake nje, kule trakta na mapikapu yameegeshwa.

— Sikuwaomba pesa, Kituyi alisema, bado anafuta. Niliomba makopo manne ya rangi na mahali pa kusimama. Hiyo Benzi imepakwa rangi huko Ulaya. Haijawahi kuonja hata tone la rangi yao.

Hapo benchi ikawaka. Speya akasema kosa lilikuwa barua. Kituyi aliandika kwa biki, na mtu mkubwa hasomi barua ya biki. Ingepigwa taipu, ipigwe na muhuri, hata kama ni muhuri wa kanisa. Breki akasema barua ni karatasi ya kufungia nyama. Meneja ana dada hajaolewa, na Kituyi angemuoa huyo dada, leo shemeji angekuwa yeye.

— Nina bibi, Breki.

— Ndiyo maana uko nje ya geti.

Kituyi hakucheka. Speya akaja na lingine: mwaka ujao amfuate meneja mpaka nyumbani, aegeshe Pijo mbele ya lango lake wiki nzima, majirani waulize ni ya nani. Breki akaona hiyo ni ndogo. Achore jogoo, alama ya chama tawala, kwa boneti, mkubwa, mwekundu.

— Nani atakuambia utoe jogoo kwa stendi? Nani ako na hiyo roho?

Mwanamume mwenye koti, kama wale wapelelezi wa serikali, alikuwa anapita upande ule mwingine wa barabara, na sote tukageukia vikombe vyetu mpaka akapinda kona. Mama Nduta akamwambia Breki, kwa sauti ya chini, kwamba akitaka kufungwa afungiwe kwa benchi ya mwingine.

Kituyi akatupa tambara chini. Akasema kilichomuuma si Benzi. Kilichomuuma ni kwamba bibi yake alivaa nguo mpya siku hiyo, akaja kutafuta gari ya bwanake kwa stendi, akazunguka watu wakimtazama, na hakuipata.

Ndipo akaja mama mmoja mrefu, viatu vimejaa vumbi. Akasema anaitwa Chelimo, ni mwalimu huko Chepsaita. Ameuliza gereji tatu tangu asubuhi akitafuta mwenye Pijo ya kijani, ile iliyokuwa imezungukwa na watu nje ya geti Ijumaa. Babake ana trakta, na ameshikilia kwamba lazima ipakwe rangi ile.

— Niliingia kwa stendi ya wenye rangi, akasema. Wakanionyesha gari nyeupe. Walisema hawajui kijani ninayosema. Nauliza tu, ile rangi inaitwaje?

Tukamtazama Kituyi. Ile kijani aliichanganya mwenyewe kwa debe, makopo ya kampuni mbili na nyeusi kidogo, akikoroga kwa kijiti mpaka macho yake yakaridhika. Speya, ambaye anajua jina la kila nati duniani, hakujua. Breki pia hakujua.

Mlango mmoja ulikuwa safi na mwingine bado una jina la kampuni. Kituyi aliutazama kidogo, akapanguza mikono kwa suruali.

— Trakta iko wapi, mwalimu? akauliza.

Akamfungulia Chelimo mlango ule uliokuwa safi, wakashika barabara ya Turbo.