Nilimfuta Mwenye Ng'ombe, Nikabaki na Ng'ombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mbele, asifiwe na ninyi wa viti vya nyuma ambao najua kabisa hatukupigia kura chama kimoja. Leo nasimama mbele yenu wote, maana nilikuwa nimefungwa na sikujua.

Mimi ni mkulima na mfugaji wa hapa Genkuru, wengi mnaniita Baba Ghati. Marehemu mama alisema nilizaliwa nikiuliza. Kwa nini ng'ombe anatafuna na hakuna nyasi mdomoni? Kwa nini mwezi unatufuata njiani? Kuuliza ndiyo zawadi aliyonipa Mungu, na ndiyo niliyoanza kuipoteza.

Nilikuwa na rafiki, Mwita, wa Busawe kule Serengeti. Tulijuana kwenye kundi la wafugaji la WhatsApp. Niliuliza kuhusu kupe, yeye akanijibu kwa ujumbe mrefu kuliko barua ya posa. Tukawa tunapigiana simu karibu kila jioni. Malisho yalipokauka kwao, akaniletea ng'ombe wake wa maziwa nimtunzie. Mnajua desturi yetu: mtunzaji anakamua, ndama ni wa mwenyewe, na hakuna anayemwachia ng'ombe mtu asiyemwamini. Huyo ng'ombe tulimwita Busawe.

Kisha ukaja uchaguzi. Ndugu zangu, sijui pepo gani aliingia kwenye simu yangu! Mwita aliandika kundini kwamba anaunga mkono chama kile kingine, akaeleza na sababu zake. Sababu zenyewe sikuzisoma. Niliona jina la chama tu, damu ikanichemka. Nikamwita msaliti mbele ya watu wote, nikampiga bloku siku hiyohiyo. Kufika siku ya kura nilikuwa nimeshawafuta watu ishirini na sita, akiwemo mchungaji aliyenifungisha ndoa! Nikajiona nimefagia nyumba yangu ikang'aa.

Sikuishia hapo. Nilikuwa najirekodi video nimesimama zizini, nakitukana chama chao, halafu naituma kundini. Mwita bado alikuwemo kwenye kundi lakini hakujibu hata neno. Nikasema moyoni, ameshindwa huyo.

Asubuhi moja mke wangu akaniwekea chai ya maziwa, akakaa mbele yangu.

"Baba Ghati, mwenye ng'ombe umemfuta. Maziwa yake mbona hujayafuta?"

Niliinywa ile chai kwa hasira, ndugu zangu, lakini niliimaliza. Siku zile zote nilikuwa sijajiuliza swali hata moja, na sasa hilo likanikaa kichwani. Hata hivyo sikumfungulia Mwita. Kiburi ni kitu kibaya!

Busawe alikuwa na mimba. Maziwa yakakauka, tumbo likashuka, tukasubiri. Siku ya kuzaa ilipofika, nilimkuta tangu alfajiri amelala, anasukuma, anakoroma. Kufika saa nne asubuhi mguu mmoja tu ndio ulikuwa umetoka. Daktari wa mifugo alikuwa kata nyingine, simu haipatikani. Jirani akasema tufunge kamba tuvute. Nikashika kamba. Yule hakuwa ng'ombe wangu! Akifa, nitamwambia nini mwenyewe, na nitamwambia kwa njia ipi, wakati mlango nimeufunga kwa mkono wangu?

Nikapiga magoti palepale kwenye samadi. Sikuomba sana. Nilisema tu, "Bwana, naogopa kumpigia." Nikatoa simu, nikamfungulia Mwita, nikapiga. Simu ikaita mara moja tu.

"Mura," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "mguu unaouona ni wa mbele au wa nyuma?"

Ndugu zangu! Sikuwa nimemwambia chochote! Nikamjibu wa mbele.

"Kichwa unakigusa?"

"Nakigusa."

"Basi mguu wa pili umejikunja ndani. Kamba weka chini, usivute. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, upake mafuta. Mrudishe ndama nyuma kidogo, ndipo uutafute huo mguu. Ukwato ufunike kwa kiganja chako usimchane mama yake."

Mke wangu akashika simu, mimi nikafanya kama nilivyoambiwa. Jasho likaniingia machoni. Nikaupata! Tukavuta taratibu kila aliposukuma, na ndama akatoka, jike, akapiga chafya. Nikalia kwa sauti, na Mwita akanisikia.

Baadaye nikamuuliza alijuaje. 

"Zile video zako," akasema. "Ulikuwa unasimama zizini, na Busawe yuko nyuma yako. Wewe ukitukana, mimi naangalia tumbo lake. Nilikuwa nahesabu siku, na uliponipigia zilipotimia nikajua ndama amekwama. Maneno yako yaliniuma, sikufichi. Siku nyingine nilizima sauti."

Alizima sauti, akaendelea kuangalia! Mimi nilidhani nimemtupa nje ya maisha yangu, kumbe kila wiki alikuwa anachungulia zizini kwangu kuona kama kiumbe wake anakula. Siku ile Mungu alinifungua. Nikatubu, nikamwomba radhi kwenye kundi lilelile nilikomtukania. Watu ishirini na watano waliobaki nimekuwa nikiwapigia mmoja mmoja. Mchungaji alicheka. Wawili hawajapokea mpaka leo, na siwalaumu.

Msidhani Mwita amehamia chama changu, au mimi chake. Juzi ameandika tena mambo yake ya siasa. Kidole kilinicheza kutaka kumfuta, nawaambia ukweli! Lakini nikaandika, "Kwa nini unaona hivyo?" Akanijibu kwa ujumbe mrefu kama ule wa kupe. Sikukubaliana naye hata mstari mmoja. Niliusoma wote.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia rafiki, na ile zawadi yangu ya kuuliza. Na wewe unayenisikia, simu unayo mfukoni. Yupo mtu uliyemfungia humo. Mwamini Bwana, mfungulie leo. Usianze na hoja zako. Muulize anaendeleaje, halafu usubiri jibu.