Niambie Kimekuchosha Wapi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye kelele zilikuwa zimemchosha.

Tunamkumbuka mwalimu wa lugha ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Kaki. Alifariki hivi karibuni, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa muda mrefu. Mwalimu wa lugha, Mama Kaki, ametutoka. Ameacha mume, ambaye ni fundi wa pampu za maji. Ameacha binti, ambaye ni muuguzi. Na ameacha kipindi kimoja cha Ijumaa mchana ambacho sasa hakina mwenyewe. Hicho kipindi, wasikilizaji, ndicho kilichoniketisha hapa leo na mgongo wangu huu mbovu.

Kipindi chenyewe kilikuwa hivi. Kila mwanafunzi anajichagulia kitabu maktabani. Anakisoma peke yake. Kisha anasimama mbele ya wenzake na kueleza kimemfanyaje. Hachaguliwi na mtu. Anachagua mwenyewe.

Rahisi kusema! Watoto walikuwa wanapima unene wa vitabu kwa vidole, kama mtu anayepima kitambaa cha suruali. Chembamba kiligombaniwa. Kile kinene kilikaa rafuni hadi buibui wakajenga ghorofa ya tatu. Wengine walichagua kwa picha ya jaladani. Basi mwalimu akaamua kuvivika vitabu vyote karatasi ya kaki. Vyote! Ukitaka kitabu, kifungue, soma ukurasa wa kwanza. Ukikuita, chukua. Usipokuita, rudisha. Ndipo jina la Mama Kaki lilipozaliwa.

Binti yake ananiambia sebule yao haikuwahi kuwa sebule. "Ilikuwa kiwanda," anasema. "Vitabu sakafuni, mkasi kwenye kochi, gundi kila mahali. Mjomba alikalia gundi siku moja, akaondoka na kiti." Hilo la kiti nimelithibitisha kwa mjomba mwenyewe. Mjomba huyo haaminiki, lakini nimelipenda.

Sasa tuje kwenye uchovu. Mama Kaki alichoshwa na sentensi moja. Mnaijua. Mliisema wote shuleni, na mimi niliisema siku chache nilizokwenda. "Kitabu hiki kinatufundisha." Kitabu hiki kinatufundisha umuhimu wa elimu. Kitabu hiki kinatufundisha tuwe na bidii. Hata kama kitabu kinahusu kobe aliyepotea sokoni, mtoto atasimama, atafunga mikono nyuma, atakwambia kinatufundisha tuwe na bidii.

Alisikiliza hivyo miaka na miaka. Binti yake anasema, "Mama alikuwa anarudi Ijumaa amechoka mpaka anatia chumvi kwenye chai, na anainywa hivyo hivyo."

Mpaka Ijumaa moja akaweka chaki mezani. Akasema, "Wanangu, mimi nimechoka. Ninyi mmechoka. Basi tuambiane ukweli. Usiniambie kinafundisha nini. Niambie kimekuchosha wapi."

Kisha mmoja, mrefu, wanamwita Mlingoti, akainua mkono. "Mwalimu, mimi kimenichosha pale jamaa anapoeleza anavyompenda yule dada. Kurasa nzima nzima! Muda wote huo angekuwa ameshamwambia, wameshaoana, wameshagombana."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Hapo hapo. Kaa hapo. Kwa nini hapo?" Mlingoti akakuna kichwa, akakuna tena, halafu akasema taratibu kwamba yeye mwenyewe kuna mtu ameshindwa kumwambia. Nasikia siku ile kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Wengine wanadai hata kengele ilirudi kuchungulia.

Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Mahali kitabu kinapokuchosha, pana kitu chako. Mtindo huo mmoja tu.

Lakini mwalimu mkuu wa wakati ule hakuupenda. Alitaka Ijumaa mchana iwe ya hesabu. Alimwita ofisini. "Mwalimu, shule haiwezi kufundisha watoto kuchoka."

"Kuchoka wanajua, mkuu. Mimi nawafundisha kusema."

"Mkaguzi anakuja. Akiona upuuzi, kipindi nakichukua."

Basi shauri likawa hilo, wasikilizaji. Mkaguzi akiridhika, kipindi kinabaki. Asiporidhika, kinakwenda kwa hesabu. Na mwalimu mkuu, kwa kujihami, aliwakusanya watoto mwenyewe akawafanyisha mazoezi. Kila mmoja na sentensi yake ya kukariri. Nadhani mnaikumbuka.

Siku ikafika. Mkaguzi akaketi nyuma, miguu kaipishanisha. Mtoto wa kwanza: kinatufundisha umuhimu wa elimu. Wa pili: kinatufundisha umuhimu wa elimu. Mlingoti naye, na kimo chake chote, kinatufundisha umuhimu wa elimu. Mkaguzi akapiga mwayo ambao, mnisamehe, ulivuta pazia.

Mama Kaki alikuwa ameegemea dirisha. Mumewe anakumbuka alivyomsimulia jioni ile: "Aliniambia, Fundi, nilisimama pale nikajisemea, acha wachukue. Sina nguvu tena ya kugombana."

Hapo akasimama msichana mmoja wa kidato cha pili. Walimwita Mnong'ono, kwa sababu sauti yake haikuwahi kufika dawati la tatu. Siku ya mazoezi alikuwa na homa. Hakupewa sentensi. Mkononi ana kitabu chake, kimevikwa kaki kama vingine vyote.

Alipokifungua, Mama Kaki aliona mchoro kwa ndani, akakitambua. Kilikuwa kitabu cha mumewe. Maelekezo ya kufunga na kutengeneza pampu ya maji! Usiku wa gundi na mkasi kilichanganyikana na hadithi pale sebuleni, kikavikwa, kikapelekwa shule. Fundi alikuwa amekitafuta muhula mzima, hadi akamsingizia shemeji yake.

Angeweza kumzuia. Alishafungua mdomo. Halafu akaufunga.

Mnong'ono akasema, "Nilikichagua kwa sababu ukurasa wa kwanza unasema, tunakushukuru kwa kutuchagua. Sijawahi kushukuriwa na kitabu."

Kicheko. Mwalimu mkuu akainamisha uso.

"Kimenichosha mapema. Nilisubiri aje mtu, hakuja. Ni misumari na mipira tu. Lakini pale kiliponichosha kabisa ni pale kinaposema, kabla ya kufungua, hakikisha umeme umezimwa. Kinasema mwanzo. Ukifungua mbele, kinasema tena. Mbele tena, kinasema tena. Nikakasirika. Nikasema, huyu aliyeandika ananiona mjinga?"

Wa nyuma walikuwa wamesogeza shingo ili wasikie.

"Halafu nikawaza, labda kuna mtu alikufa. Labda aliyeandika alimwona. Ndiyo maana hawezi kuacha. Mama yangu kila asubuhi ananiambia, tazama kushoto, tazama kulia. Kila asubuhi! Nilikuwa namjibu vibaya. Kaka yangu aligongwa na gari nikiwa mdogo. Tangu nisome kitabu hiki simjibu vibaya. Nasema, ndiyo mama."

Wasikilizaji, hakuna aliyecheka.

Mkaguzi alikohoa. Akauliza, kwa mazoea, "Sasa binti, kitabu hiki kinatufundisha nini?"

"Sijui bado, mzee. Sijakimaliza."

Mkaguzi akatoka. Uamuzi wake ulikuja baadaye: kipindi kibaki kwa mwaka mmoja, tuone. Mwaka uliofuata, wakaona tena. Kwa hiyo Mama Kaki alishinda, na zawadi ya ushindi wake ilikuwa kukipigania kipindi hicho kila mwaka mpaka nywele zikaisha weusi. Ni zawadi ya namna hiyo inayomlaza mtu hoi.

Mnong'ono leo ni mshonaji wa sare za shule. Nilimtembelea dukani kwake. Sauti bado ndogo. Cherehani inaongea kumzidi. Nilimuuliza alikimaliza? Akasema, "Nilikimaliza. Mwisho wake unakupa simu ya fundi." Kisha akainamia kitambaa kwa muda, nikajua nimwache.

Moyo wa Mama Kaki ulipoanza kumsumbua, daktari alimkataza ngazi. Maktaba iko ghorofani. Akawa anapanda akipumzika, na mumewe nyuma yake amebeba kiti. Binti alimgombeza: "Mama, utafia ngazini kwa ajili ya watoto wa watu." Akajibu, "Ningefia wapi pengine, mwanangu, kwenye kochi lenye gundi?" Alifia kitandani, asubuhi, ameshikwa mkono na binti yake. Alifia kitandani, nyumbani kwake.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mtu mpole, lakini ratiba ni ratiba. Alisema mwalimu hayupo, basi Ijumaa iwe hesabu. Akamwomba Fundi, mumewe Mama Kaki, arudishe ufunguo wa maktaba.

Ijumaa baada ya mazishi, Fundi alipanda zile ngazi. Akawakuta wanafunzi wamesimama mlangoni na vitabu vyao vya kaki. "Babu, tufungulie." Akawaambia amekuja kurudisha ufunguo tu. "Sawa babu, tufungulie kwanza, ndiyo urudishe." Akafungua. Wakamketisha kwenye kiti cha mkewe. Mzee hakuwa amelala tangu msiba uanze. Mwanafunzi wa kwanza hajamaliza kueleza kimemchosha wapi, Fundi ameshalala, kidevu kifuani, anakoroma.

Mwalimu mkuu alikuja kufuata ufunguo. Akachungulia dirishani. Mzee anakoroma mbele, na watoto wanazungumza kwa zamu, kwa sauti ya chini wasimwamshe. Mmoja anaeleza. Mwingine anamwambia, "Hapo hapo. Kaa hapo. Kwa nini hapo?"

Akageuka, akashuka polepole. Ufunguo hajauulizia hadi leo.

Kwa binti, muuguzi, pole sana, mwanangu. Umewahudumia wengi, na wa kwako ukamshika mkono. Kwa wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, poleni. Nanyi mnaonisikiliza jikoni, dukani, kitandani, kaeni leo na jambo moja linalowachosha, msilikimbie, mjiulize lina nini.

Na wewe, Fundi, pole, mzee wangu. Lala. Watoto wanaendelea.