Bana Chola na Kabati la Kijani

Tafadhali, karatasi hii ibaki kwako. Usiipige picha, usiisome kwa sauti kantini, na ukiulizwa umeipata wapi, sema umeikuta tu. Programu ya sherehe ya kumuaga ina wasifu mwingine, ambao pia niliuandika mimi, kwa kuamriwa. Ule una uongo mmoja: kwamba mama yetu anastaafu kwa hiari yake.

Ireen Kafwimbi, ambaye sote tunamwita Bana Chola kwa jina la mwanawe wa kwanza, anaondoka Ijumaa tarehe 31 Mei, baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili.

Alianza kwa kufuta vumbi kwenye vioo. Ndipo alipogundua kwamba vibandiko vingi vilinakiliwa tu kutoka vibandiko vya zamani, bila mtu kukigusa kitu chenyewe. Akaanza desturi yake. Chini ya kila kibandiko alibandika kadi ya kahawia, iliyokatwa kwenye maboksi ya sabuni, na juu yake akaandika yale tu aliyoyahakikisha yeye mwenyewe: jiwe alilikwaruza, unga aliupeleka maabara ya mgodini, ndege alimuulizia kwa mwindaji aliyemleta. Asiyoyahakikisha aliyaacha wazi. Mkurugenzi wa pili alipoona hivyo, alimpandisha cheo akawa mwandishi wa vibandiko.

Kazi yake kubwa ni kabati la saba, Kabati la Kijani, lenye vitu kumi na tisa vinavyoitwa zumaridi. Zumaridi yenyewe ni moja tu, punje kama ya mahindi, kutoka Lufwanyama. Vingine vimepewa jina hilo na wafanyabiashara, wapaka rangi na wapenda ndege. Kadi ya ndege aitwaye kekeo zumaridi ilisema: "Huyu hana jiwe lolote. Kijani ni manyoya yake, na mayai hutaga kwenye viota vya wenzake." Watoto walikuwa wakiicheka kadi hiyo hadi mlangoni.

Wakati fulani alikuja muuza mawe na mfuko wa floriti, jiwe laini la kijani, akitaka kadi iliyoandikwa "Zumaridi ya Afrika". Bana Chola alichukua kisu cha jikoni, akachora mstari juu ya jiwe.

"Zumaridi haichoreki hivi, bwana mdogo."

"Lakini mama, sokoni ndilo jina lake."

"Basi waliandike huko sokoni. Hata wewe ukivaa koti jeupe nitakuita daktari. Ila sindano hunichomi."

Mwezi wa pili mwaka huu Mkurugenzi wetu wa sasa, Ba Mushoka, aliamuru kadi zote za kahawia ziondolewe kwa sababu, alisema, zinafanya jumba lionekane kama duka la mkaa. Vikaja vibandiko vinavyong'aa, vyenye nembo. Kwenye chupa ya rangi iliyotoka katika nyumba ya zamani ya meneja wa mgodi, kibandiko kinasema: "Kijani cha Zumaridi, rangi ya fahari." Kadi ya Bana Chola ilisema: "Ina aseniki. Ni sumu. Walikuwa wakiulia panya. Isifunguliwe."

Tarehe 9 Mei walikuja watoto wa darasa la nne kuchora. Ba Mushoka alitaka waonje, kwa neno lake, rangi ya kihistoria. Fomu ya kuitoa chupa kabatini niliisaini mimi, karani wa masjala. Nilisoma kibandiko, nikaona fahari, nikasaini. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Bana Chola aliingia na kumkuta msichana mmoja amekwisha kuchovya brashi na anaipeleka mdomoni kuichonga ncha. Aliipiga ile brashi ikaruka, akafunga chupa, akaiviringisha katika chitenge chake, akawapeleka watoto wote bombani kunawa.

"Unaniaibisha mbele ya wageni," Ba Mushoka alimwambia.

"Aibu inaoshwa, Ba Mushoka. Hii haioshwi ikishamezwa."

"Ni rangi tu, mama. Imekaa miaka sitini."

"Basi ilambe wewe kwanza. Tutakusubiri."

Hakuilamba. Barua ya kustaafu ilitoka siku nne baadaye, na niliipiga chapa mimi. Chupa imerudishwa kabatini, ufunguo uko mfukoni mwa Ba Mushoka, na Jumatatu tarehe 3 Juni shule nyingine inakuja kuchora, safari hii, alisema, bila usumbufu. Nilimpigia simu mwalimu mkuu wa shule hiyo. Alinijibu kwamba anaamini kibandiko chenye nembo kuliko sauti isiyotaja jina lake. Nilikata simu. Nina hasira naye, nina hasira na Ba Mushoka, na zaidi nina hasira na mkono wangu.

Bana Chola, ahsante. Tulikula karanga ulizotuletea kazini na kukuacha ugombane peke yako. Uende Mpongwe salama, shamba likuzalie, na wajukuu wakusumbue kwa maswali.

Ninyi wengine, kadi za kabati la saba ninazo. Niliziokota kwenye pipa. Msinitumie ujumbe wa simu. Njooni masjala, dirisha la pili, saa saba mchana, Ba Mushoka akiwa amekwenda kula nshima. Ombeni fomu ya likizo. Ndani yake mtakuta kadi moja na kipande cha gundi. Kila mmoja abandike yake kwenye kioo Jumatatu kabla ya saa mbili, ili asipatikane mtu mmoja wa kufukuzwa.

Kadi ya chupa msiiombe. Hiyo nitaibandika mimi, na chini yake nitaandika jina langu.