Vioo vya Bibi Rosalie: Wasifu wa Mama Yetu, Trude Baruch

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 mjini Breslau, Ujerumani, mtoto pekee wa fundi kofia Julius Löwy na mkewe Frieda. Walikaa nyumba moja na Bibi Rosalie, mzaa baba.

Alisoma shule ya mtaani hadi Novemba 1938, mwalimu alipomwambia asirudi kwa kuwa ni Myahudi. Wiki hiyohiyo Wanazi walichoma moto sinagogi. Mei 1939 alipata nafasi katika treni ya kuwapeleka watoto Uingereza. Baba yake akakataa kutia saini kibali.

Siku iliyofuata Trude alikuta vioo vyote nyumbani vimefunikwa mashuka, kama tufanyavyo sisi Wayahudi siku saba za matanga. Bibi alikuwa kwenye kigoda, ukosi wa gauni ameuchana.

"Bibi, nani kafa?"

"Mimi."

Trude alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mama, acha uchuro!" Julius alifoka.

"Uchuro uko barabarani, mwanangu, unapiga gwaride. Mimi nakaa matanga yangu mapema. Siku yangu ikifika, nani atakuwepo wa kunikalia?"

Majirani wakaleta mayai ya kuchemsha, wakamsifu marehemu. Bibi akawaitikia, "Kweli alikuwa mwema, ila mayai alipenda yenye chumvi." Mama alituambia kwamba siku zile aliogopa kumshika Bibi mkono, asije akaukuta wa baridi.

Siku ya saba Bibi aliinuka. "Marehemu kaacha wosia: mtoto apande treni. Julius, wosia wa mama yako utauvunja?"

Julius alitia saini huku analia. Trude akaondoka tarehe 20 Juni 1939. Baba yake, mama yake na Bibi walipelekwa kwenye kambi za Wanazi huko mashariki mwaka 1942, na hatujui walikufa lini.

Huko Leeds, Uingereza, mama alisomea ukunga, akazalisha kwa miaka thelathini na minne. Mwaka 1953 aliolewa na fundi saa Sidney Baruch, ambaye sasa ni marehemu. Baba alinyolea ndevu ukumbini, kwenye kioo pekee ambacho mama alikikubali.

Moyo ulianza kumsumbua Januari. Aliaga dunia nyumbani, Jumanne tarehe 3 Mei 2011. Usia wake ulikuwa huu: "Nifunikieni kioo siku saba. Ya nane msikifunue. Bibi alijikalia mwenyewe, na mtu hatoshi kujililia. Saba za pili ni zake."

Ameacha watoto wawili, Rosalie na Julian, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Wapumzike kwa amani, yeye na Bibi yake. Karibuni nyumbani kwa matanga, siku kumi na nne.